Gauni Namba Nne Sikuliuza

Naanza na jambo nililolikana kwa miaka kumi na saba: gauni namba nne sikuliuza Dodoma. Sikuliuza popote. Lilikuwa chumbani kwangu muda wote huo, la tatu kutoka ukutani, ndani ya mfuko wa kitambaa cha marekani nilioushona mwenyewe, na kila aliyeniuliza nilimtazama usoni nikasema, "Lile? Lilishakwenda." Nilisema hivyo kwa mama wa mabibi harusi, nikasema kwa wifi zangu, na mara moja nikasema kwa mtu ambaye hakustahili kabisa kudanganywa. Huyo nitamfikia mahali pake.

Neema na wenzake wawili, wanaoichukua kazi yangu ya kukodisha magauni ya harusi hapa Singida mjini, wameniomba niwaandikie ninachokijua. Nadhani walitarajia orodha ya madoa na dawa zake. Wadogo zangu, madoa mtayapata, lakini yamechanganyika na mengine, kama yalivyochanganyika nyumbani kwangu.

Nilianza nikiwa na shahada ya sosholojia na magauni matatu. Shahada nilitoka nayo chuo kikuu. Magauni niliachiwa na binamu yangu aliyehamia Mwanza. Kati ya vitu hivyo viwili, magauni ndiyo yaliyopata kazi kwanza. Mimi na mume wangu Elia, mpima ardhi, tulikuwa tumepanga ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi: chumba kimoja cha kulala, sebule, na jiko ambalo watu wawili hawakuweza kupishana bila mmoja kuomba radhi. Nilipigilia misumari mitatu sebuleni, karibu na dirisha ili mteja aone vizuri, nikatundika magauni yangu na kwenda kulala nikijiona mfanyabiashara.

Anayeijua Singida anajua upepo wake. Asubuhi magauni yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mteja wangu wa kwanza, muuguzi mmoja mpole, aliyatazama kwa heshima, akauliza, "Na meupe mnayo?"

Nikaogopa vumbi. Kwa hiyo nikayavalisha magauni mifuko ya nailoni, nikaifunga kwa kamba juu na chini. Masika yalipokwisha nikafungua, nikakuta madoa ya njano yameota kifuani, kama ramani ya nchi nisiyoijua. Nilikuwa nimeyafungia humo unyevu wa miezi mitatu. Ndipo nikambeba mmoja wa wagonjwa hao mpaka barazani kwa Bi Salma.

Bi Salma alikuwa fundi cherehani karibu na soko. Baba yake alikuwa mfanyabiashara kutoka Tanga, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, akakulia hapa, akazikwa hapa. Hata hivyo aliongea Kiswahili kana kwamba amefika wiki iliyopita na bado hajafungua mizigo. Aliunusa mfuko wangu, kisha akaninusa na mimi.

"Mwanangu, wewe umesoma?"

"Nimesoma, Bi Salma."

"Na huko mlikosomea hamkuambiwa kuwa nguo yapumua? Umeifunga kama mkate!"

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Zile za nyuma zilikuwa michezo ya kitoto. Bi Salma alinifundisha kushona mifuko ya marekani, kitambaa kisichotoa rangi, kinachozuia vumbi na kupitisha hewa. Alinifundisha kuviringishia henga za waya vipande vya kanga kuukuu iliyokwisha kutoa rangi, maana waya hushika kutu, na kutu ikishika bega la bibi harusi hakitazamwi kitu kingine mpaka harusi iishe. Doa la kutu tulilipaka limau na chumvi, tukaliacha juani, tukalisuuza, tukaanza tena. Mafuta ya pilau hayataki maji; yanataka poda ya mtoto, ipakwe kavu, ilale mpaka kesho yake, ipanguswe. Pindo lenye tope msiliguse likiwa bichi. Liacheni likauke, mpukute, ndipo mfue. Mwanamke mwenye haraka hulisugua tope likaingia ndani kabisa, kisha akawalaumu watengeneza sabuni.

Kwa wadudu nilianza na vile vidonge vyeupe vya kabatini, mpaka bwana harusi mmoja alipopiga chafya katikati ya kiapo. Bi Salma akaniambia nikaushe majani ya mwarobaini kivulini na kuyashonea vifuko vidogo. Vifuko hivyo ninavyo mpaka leo. Havimwui mdudu, lakini vinamkatisha tamaa, na katika chumba kimoja hilo linatosha.

Chumba chenyewe ndicho kilikuwa somo gumu. Magauni yalifika kumi, kisha kumi na tano, na kuta hazikusogea. Elia alikipima chumba kwa vifaa vyake vya kazini, akanichorea ramani yenye mpaka wa ndoa na mpaka wa biashara. Tukapitisha bomba la maji la chuma kutoka ukuta hadi ukuta, magauni yakaning'inia hapo. Yenye sketi nzito, yenye shanga, hayatundikwi; yakining'inia mwezi mmoja mabega yanashuka, na bibi harusi anaonekana amechoka kabla ya ndoa kuanza. Hayo niliyalaza kwenye matranka ya bati, kama yale ya wanafunzi wa bweni, nikiweka shuka kuukuu katika kila mkunjo na kubadili mikunjo kila baada ya miezi miwili. Ili matranka matatu yaingie uvunguni, tuliinua kitanda kwa matofali. Elia si mtu mrefu. Kwa miaka miwili alipanda kitandani kama mtu anayepanda lori la alizeti, hadi siku moja alipokibeba kitanda chenyewe akakihamishia sebuleni.

"Nimeoa mke mmoja na magauni ishirini," alikuwa akiwaambia wageni, ambao kwa wakati huo walikuwa wamekaa juu ya kitanda chetu wakinywa chai. "Yeye ndiye mdogo wao."

Shela niliziweka ndani ya oveni. Msicheke. Oveni yangu ilikuwa kavu, haina panya, na mimi sioki. Ilikuwa kabati bora kuliko yote niliyowahi kuwa nayo, mpaka wifi yangu alipokuja kututembelea akiwa na nia njema ya kuoka keki. Zilibaki shela nne. Tangu siku hiyo mlango wa oveni yangu una karatasi iliyoandikwa NGUO, na ninyi mtakapohamisha vitu vyangu, karatasi hiyo iwe ya mwisho kubanduliwa.

Kila gauni nililitarizi namba kwa uzi wa buluu, upande wa ndani wa pindo, na kila mfuko ukawa na kadi: nani alivaa, doa gani lilirudi, dawa gani ilifaa. Hiyo ndiyo kazi. Kutunza nguo katika nyumba ndogo kunataka kumbukumbu kuliko nafasi. Asiyekumbuka alichonacho hata ukimpa ghala, atalijaza na kuomba jingine.

Namba nne alilichagua Anjela.

Alitoka Ikungi, alikuja na mama yake mdogo siku ya Jumatano. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyelima alizeti kabla ya kushika chaki. Gauni lilikuwa na mikono mirefu ya lesi na shingo iliyofunga, yenye shanga. Lilimkaa kana kwamba fundi alimpima usingizini. Wasichana wengine wakishavaa huzunguka mbele ya kioo. Anjela alivuta stuli akakaa.

"Mbona unakaa?" nikamwuliza.

"Ibada ni ndefu, dada. Nitakaa kuliko nitakavyosimama."

Nilimpenda pale pale.

Harusi ilikuwa kanisani Ihanja, kwa upande wa baba yake. Mimi sikuwepo, niliyoyajua nilielezwa na mpiga picha. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, kama wanavyouliza siku zote na kama watu wanavyonyamaza siku zote, mwanamke mmoja alisimama nyuma akiwa na mtoto mgongoni na cheti cha ndoa mkononi. Bwana harusi alikuwa na mke, Tabora. Cheti kikasomwa. Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Anjela akageuka, akatoka. Gari lililopambwa lilikuwa la upande wa mwanaume, akalipita. Akaenda nyumbani kwa miguu kando ya barabara kuu ya Dodoma, amekusanya pindo mkononi lisiguse vumbi, na madereva wa malori wakampigia honi kwa furaha, maana hawakujua.

Jumatatu aliniletea gauni. Lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi, limefungwa ndani ya kitenge. Nikamwambia kufua ni kazi yangu.

"Najua, dada," akasema. "Nilitaka kitu kimoja katika harusi hii kirudi kilivyokuwa."

Katika miaka ishirini na sita, hilo ndilo gauni pekee lililorudi kwangu likiwa safi kuliko lilivyotoka.

Wiki hiyo hiyo maneno yakaanza. Huku kwetu harusi nyingi ni baada ya mavuno, na msimu ulikuwa ndio umefunguka. Akaja mama mmoja kutoka Mtinko na binti yake. Hakutaka kukaa.

"Lile la mwalimu wa Ikungi ndilo lipi?"

"Kwa nini, mama?"

"Nisije nikamvika mwanangu mkosi wa mwenzake."

"Mwanaume alikuwa na mke, mama. Gauni lingefanya nini?"

"Huenda hakuna kitu. Lakini mimi nina binti mmoja tu." Akamshika huyo binti mkono, wakashuka ngazi.

Wakafuata wengine watatu, wote wakitaka kujua ni lipi ili walikwepe, na kwa kuwa yote yalikaa bomba moja, wakaona heri walikwepe bomba zima. Mama wa nne alipouliza, nilisikia kinywa changu kikisema, "Lile nimeliuza Dodoma." Nilichagua Dodoma kwa sababu ni mbali kiasi cha mtu kutokwenda kuhakikisha, na karibu kiasi cha kuaminika. Mama akashusha pumzi, akakaa, akaomba maji. Nikawa nimeliokoa bomba langu.

Kuliuza kweli sikuweza. Lilikuwa gauni bora nililokuwa nalo. Nikalipeleka kwa Bi Salma, akalitandaza juu ya meza yake.

"Gauni lina kosa gani?" akasema. "Limekwenda kanisani, limerudi."

Tulifanya kazi siku nne. Tuliondoa mikono, tukafungua shingo, na lesi ya mikono tukaifanya mkanda wa chini, ule unaosifiwa hadi leo. Nikatarizi namba mpya, kumi na tisa. Ile nne nilitaka kuifumua, lakini Bi Salma akaisogeza sindano yangu pembeni, akasema kitu lazima kijue kilikotoka. Akaifunika kwa bitana, basi. Halafu akanitazama juu ya miwani.

"Gauni libadili upendavyo, mwanangu. Lakini hilo neno la kuuza liache. Ukisema umeliuza, umesema binti wa watu ana mkosi."

Nilimjibu kwa lugha ya chuo kikuu. Nilimweleza kwamba huo ni mkakati wa mpito wa kudhibiti mtazamo wa wateja. Bi Salma akakata uzi kwa meno, akautema.

Mwaka wa pili baada ya hapo nilikwenda Ikungi siku ya mnada kununua kuku. Nikakutana na Anjela kwenye vitunguu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwalimu. Habari za shule?"

Akanieleza za shule. Kisha akasema mdogo wake anaolewa, na upande wa mwanaume wameomba kwamba Anjela asimvalishe mdogo wake, wala asishike nguo zake. "Wanasema hata mwenye gauni aliliogopa, akaliuza mbali." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya vitunguu. "Dada, ni kweli uliliuza kwa sababu yangu?"

Nyuma yangu walisimama wanawake wawili niliowajua, wenye mabinti wa kuolewa msimu ule. Walikuwa wameacha kuchagua vitunguu. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, jepesi, lenye maneno matatu: gauni lipo, mwalimu. Nikasema, "Niliuza, ndiyo. Lilikuwa limezeeka."

"Haya, dada," akasema. Akachukua tenga langu la kuku, akanisindikiza nalo mpaka barabarani.

Wadogo zangu, kwenye kazi hii mtaunguza nguo, mtachana lesi, mtakosea kipimo cha kiuno cha mtu mwenye mdomo mkali. Hayo yote yana dawa. Hilo la Ikungi sikuwa na dawa yake, nikalifanya kama tope bichi. Nililiacha likauke, lakini sikulipukuta.

Namba kumi na tisa, wakati huo huo, lilikuwa likifanya maajabu. Lilivaliwa na muuguzi, na afisa kilimo, na mapacha kwa zamu, miezi minne ikiwatenga. Lilikwenda Manyoni na kurudi. Likamwagiwa soda nyekundu, mchuzi, nta ya mshumaa, na mara moja, sijui kwa njia gani, dawa ya kung'arisha viatu, yote nikayatoa. Ndoa zikadumu, watoto wakaja. Sisemi ni kwa sababu ya gauni, nina shahada. Lakini watu wakaanza kuhesabu, kama wanavyohesabu siku zote, na haukupita muda mrefu mama zao wakawa wanapanda ngazi zangu wakiuliza, "Lile la bahati lipo?" Hawakutaka kuona mengine.

Miaka tisa baada ya kushuka ngazi zangu, yule mama wa Mtinko alizipanda tena, safari hii akiwa na binti wa dada yake. Bado hakutaka kukaa.

"Nataka la bahati. Hayo mengine usinitolee."

Nikamtolea. Aliishika lesi ya mikono ya Anjela kwa vidole viwili, akasema kwa kuridhika, "Hili unaliona tu kwamba lina bahati." Nilifurahi kupita kiasi. Nilirudi jikoni nikacheka peke yangu mbele ya oveni, na ilinichukua dakika nzima kukumbuka kwamba si mimi niliyekuwa na haki ya kucheka.

Sitajidai mnyonge katika mengine. Katika kazi yangu hakuna bibi harusi aliyefika madhabahuni na zipu iliyokwama. Hakuna aliyechomwa na pini. Katika nyumba ambayo mtu wa kawaida angekosa pa kuweka mwavuli, niliweka magauni thelathini na nne, meupe, makavu, yanayopumua, na niliweza kuingia gizani umeme umekatika nikatoka na nililolitaka. Waziri wa ulinzi hawezi kusema hivyo kuhusu maghala yake. Najivunia, na sioni sababu ya kunong'ona.

Lakini magoti hayajali sifa. Mwaka huu ngazi zimenishinda, na sindano imeanza kunificha tundu lake. Nikamwambia Neema, aliyefanya kazi nami miaka mitatu, kwamba tuhesabu magauni nimkabidhi. Tulikuwa tumefika la tatu kutoka ukutani. Bitana ilikuwa imeachia kidogo. Neema akaligeuza pindo, kama nilivyomfundisha.

"Mama, hii nne ni ya nini?"

"Namba ya zamani."

"Namba nne si uliliuza Dodoma?"

"Ndivyo nilivyosema."

Akakaa juu ya tranka. Neema mwenyewe alifunga ndoa na namba kumi na tisa.

"Mama. Mimi nilivaa hili."

"Najua. Zipu nilikufunga mimi."

"Mama mkwe alikataa yote! Alisema mkwe wake ataingia na la bahati au asiingie!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka juu ya lesi.

"Lilia pembeni," nikamwambia. "Chozi lina chumvi."

Akajifuta kwa kiganja. Neema kwao ni Ihanja. Alipoacha kucheka aliuliza swali ambalo mimi nilikuwa nimelikimbia kwa miaka kumi na saba.

"Mwalimu Anjela anajua?"

"Hajui."

"Amemfundisha mdogo wangu kusoma. Siku hizi yuko shule ya pale kwetu." Akawa analikunja pindo na kulikunjua. "Pale kukiwa na harusi, yeye hukaa jikoni. Anapika, anagawa chakula, anaosha vyombo. Chumba cha bibi harusi haingii."

"Wanamkataza?"

"Hakuna anayemkataza, mama. Anajua tu."

Nilikuwa nimeshika henga. Nikaitundika, ikaanguka, nikaiokota, nikaitundika tena.

"Nikisema ukweli, mnaweza kupoteza wateja," nikamwambia. "Ninyi ndio mnaanza."

"Wakikimbia wakimbie," Neema akasema. "Nirithishe magauni. Uongo huo kaa nao mwenyewe."

Jumamosi nikaenda Ihanja na gauni ndani ya mfuko wake. Anjela sasa ni mwalimu mkuu msaidizi, ana nyumba ya matofali ya kuchoma na mizinga ya nyuki nyuma yake, hakuolewa. Alinikaribisha barazani, akanipa maji. Nikamweleza yote, kuanzia Dodoma hadi vitunguu. Sikutumia lugha ya chuo. Alifungua mfuko, akalipitisha gauni mikononi taratibu, kama anayesahihisha daftari. Alipofika kwenye mkanda wa lesi akasimama.

"Hii ni mikono yangu."

"Ndiyo."

"Wamevaa wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Na wako na waume zao?"

"Mmoja alifiwa. Wengine wako nao."

Mtoto wa jirani alipita akamwamkia, akaitikia bila kumtazama. Nikaanza kumweleza mipango yangu: nitabandika picha za wote kumi na wawili ukutani, na yake ya kwanza; nitawaambia wateja kila mmoja; kama anataka gauni lichomwe, nitalichoma. Nilikuwa naongea kama mtu anayesugua tope. Akalirudisha gauni mfukoni, akafunga kamba yake vizuri.

"Rudi mjini, dada. Nitakupigia simu."

Safari hii hakunisindikiza.

Wiki tatu zikapita. Nikawafundisha Neema na wenzake kupindua mikunjo ya matranka. Nikawaonyesha jinsi ya kunusa gauni lililorudi, maana pua hujua kabla ya jicho. Kila simu ilipolia niliangusha kitu. Elia akaniuliza kama naumwa. Nikamweleza, naye akakaa ukingoni mwa kitanda chetu cha sebuleni. "Kumbe hata mimi uliniuzia Dodoma," akasema, na tangu hapo akawa ndiye anayeniwekea simu kwenye chaji.

Simu ilikuja jana, Alhamisi mchana, tukiwa tunatoa bomba ukutani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwalimu."

"Uko na nani?"

"Na Neema."

"Weka sauti kubwa naye asikie." Nikaweka. Neema akashuka kwenye stuli. "Hizo picha za ukutani sitaki. Na gauni usilichome, halina kosa. Nimekaa nikafikiri. Ulipokuja hapa uliniletea habari za gauni, kwamba limeozesha kumi na wawili. Gauni halihitaji kutetewa, dada. Lilishapata jina zuri. Mimi nataka watu waambiwe habari zangu. Kwamba sikuwa na mkosi. Kwamba ulijua, ukanyamaza."

"Nitawaambia."

"Wapi?"

"Popote utakapo."

"Kanisani kwetu, Jumapili hii, wakati wa matangazo. Nimeshamwomba mchungaji. Usiandike barua ikasomwa na mtu. Usimame wewe mwenyewe, pale mbele."

"Nitasimama."

Kwa upande wake nilisikia darasa zima likiitikia jedwali la saba, likakosea saba mara nane, likaanza upya.

"Na, dada."

"Naam."

"Vaa vizuri. Ukisimama pale mbele, wanakuangalia sana."